Mguu wangu wa kulia na gunia la Kitui: nilivyoponea chupuchupu kukosa kadi ya golf

Wakuu, habari za humu ndani.

Juzi kuna mtu ameandika kwa uzi wa michezo ati golf ni matembezi ya matajiri, hakuna presha yoyote. Nilikuwa nakunywa chai, karibu nipaliwe. Mimi nimekula ugali wa golf maisha yangu yote. Nimecheza, nimefundisha, na kuna siku moja huo mchezo ulinitoa jasho ambalo hata leba haikunitoa.

Wacha niwasimulie vile ilikuwa. Siongezi chumvi, daktari alishanikataza hata ile ya kwa mboga.

Mimi ni Mkamba wa Kanyangi. Ilikuwa miaka ya themanini. Baba alikuwa ameajiriwa kutunza kauwanja ka golf huko Kitui. Usiwaze zile nyasi za TV. Kwetu ilikuwa mchanga mwekundu, miiba, na mbuzi za watu.

Hapa nifuateni vizuri, maana shida yote iko hapa.

Kwa viwanja vya maana, pale kwenye shimo kuna nyasi laini, inaitwa green. Sisi tulikuwa na brown. Ni mchanga umechanganywa na oil chafu ya magari ndio upepo usiupeperushe. Kila anayepita anaacha alama za viatu, kwa hivyo kando kuna gunia limepigiliwa kwa ubao, na kamba ya kulivutia. Mpira wako ukifika hapo, unauinua, unavuta gunia kutoka ulipokuwa mpaka kwa shimo, unaurudisha, ndio unapiga.

Hiyo ilikuwa sheria ya pale, na kwa baba ilikuwa pia adabu.

"Mwende, umelainisha njia?"

"Si iko sawa, baba."

"Sijauliza kama iko sawa."

Na gunia likiwa limeenda na wenye wako mbele, nalainisha na soli ya kiatu cha kulia. Nilianza hivyo nikiwa mtoto, nikicheza jioni wenyewe wakishaenda. Mguu ukazoea, ukawa unaenda bila kuniuliza.

Nikakua, nikawa nafundisha wake za maofisa na walimu kama kibarua. Nilikuwa mzuri, wakuu, siwezi jifanya mnyenyekevu hapa. Siku moja kamati ya uwanja ikasema mwalimu lazima awe na kadi ya professional, na kuna mwanaume fulani tayari anaitaka hiyo kazi. Mimi nikapewa nafasi moja ya kwenda Nairobi kwa majaribio.

Nikipita, kazi ni yangu. Nikianguka, narudi Kanyangi kupalilia ndengu na kungojea kuolewa. Hivyo tu.

Usingizi ulianza kupotea siku ile mzee mmoja wa kamati aliponiuliza, "Lakini unajua kwa nyasi hawavuti gunia?"

Sikuwa najua!

Akanieleza. Kwa green, ukilainisha njia ya mpira wako, iwe na mkono au na mguu, unaongezewa strokes mbili, yaani mapigo mawili, na kwa majaribio ukizidisha mapigo waliyoweka, umeanguka. Nikatazama mguu wangu wa kulia. Haki nilitamani kuuacha nyumbani.

Sasa nifanyie wapi mazoezi? Ukambani kipindi cha kiangazi, nyasi nitaitoa wapi? Ndio nikakumbuka shangazi yangu wa Mbumbuni, dada ya baba. Kanisa lao lilikuwa na kipande cha nyasi mbele, kimekatwa vizuri, cha maharusi kupigia picha. Kilikuwa kinanyweshwa kuliko ng'ombe za pastor.

Pastor alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huo mchezo una pombe ndani. Nikamwambia mimi sinywi. Akakubali, lakini shangazi awe hapo kunichunga.

Shangazi hakuwa anajua golf hata kidogo. Nilimwambia kitu kimoja, kwamba nikishafika karibu na mpira, achunge mguu wangu wa kulia. Ukitembea juu ya nyasi kama unafagia, apige kelele.

Wueh! Nilimkabidhi kazi mtu aliyezaliwa nayo. Alikalia stuli na kiondo chake anasuka, na kila nikisahau, unasikia kutoka huko, "Mguu!" Akina mama wa kwaya wakija mazoezi nao wakashika. Ikawa nainua kisigino tu, kwaya nzima inaimba "Mguu!" Nilicheka nao. Mpaka siku ya kuondoka, mguu ulikuwa bado unanipiga chenga.

Mwaitu, mama yangu, akakataa niende Nairobi peke yangu, kwa hivyo shangazi akabeba kiondo tukaenda.

Kati ya wachezaji, mwanamke nilikuwa mimi peke yangu; shangazi na watazamaji wengine waliambiwa wangoje nyuma ya kamba kwa green ya mwisho. Nilipangwa na kijana mmoja wa Nairobi, mpole tu, ndiye alikuwa anaandika score yangu. Green ya kwanza, salama. Ya pili, nikaona alama ya kiatu cha mtu kati ya mpira wangu na shimo. Najua nilikuwa nafikiria upepo. Niliposhtuka, mguu ulikuwa umeshapita.

Kijana akakohoa. "Madam, pole sana. Hiyo ni penalty."

Strokes mbili mapema hivyo! Kutoka hapo sikucheza golf, nilicheza kuchunga mguu. Kila green nausimamisha, nauongelesha kwa Kikamba kama mtoto mtundu. Kijana wa watu akawa ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Lakini mipira ilikuwa inaenda. Polepole nikarudisha zile mbili. Tulipofika green ya mwisho, nilikuwa nimebakisha putt mbili, yaani kusukuma mpira kwa shimo mara mbili, basi. Zikiwa tatu, nimeanguka.

Ya kwanza ilikuwa ndefu. Nikaipiga, ikaenda ikaenda, ikalala karibu na shimo, mahali hata mtoto angemalizia.

Wakuu, moyo ukatulia. Hapo ndipo nilikosea, kutulia. Nikatembea pale nikiwaza nitakavyomwambia baba, nikaona kaalama kadogo mbele ya mpira, na mguu ukainuka.

"MGUU!"

Asi! Green nzima iligeuka. Shangazi alikuwa amesimama kando ya kamba, kiondo kimeanguka, nyuzi zimetapakaa chini. Mimi nimebaki na mguu mmoja juu kama korongo, naogopa hata kuurudisha chini.

Msimamizi akaja mbio. Kumbe kuna sheria nyingine kuhusu kupewa advice na mtu wa nje. Akamwendea shangazi. "Mama, umemwambia nini huyu mchezaji?"

Kazi yangu yote ilikuwa imeshikwa na mdomo wa shangazi, na huo mdomo nilikuwa naujua.

Shangazi akamtazama juu mpaka chini. "Nimemwambia asiharibu nyasi ya watu. Kwani wewe unataka aharibu?"

Msimamizi akageukia wenzake, wakanong'onezana. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo. Akarudi akasema kumkumbusha mtu sheria si kumfundisha kucheza, hakuna penalty, endelea. Nikaona anauma mdomo asicheke.

Nikarudisha mguu chini. Ile putt ya mtoto sasa imekuwa ya jitu. Nikapiga. Mpira ukazunguka ukingo wa shimo, ukafikiria, ukaingia. Nikakaa chini palepale kwa nyasi nikalia. Shangazi alikuwa anaokota nyuzi zake.

Kitui walinipokea na wimbo. Wiki hiyohiyo nikaombwa kucheza mbele ya kamati, kama professional wao. Nikafika kwa brown ya kwanza, nikasimama vizuri, mguu umetulia kabisa, nikapiga. Mpira ukagonga nyayo za watu ukaenda kando.

Halafu sauti ya baba kutoka nyuma, "Gunia!"

Watu walicheka mpaka wakashika miti. Baba hakucheka. Alivuta gunia mwenyewe, polepole, kutoka kwa mpira mpaka kwa shimo, akaniambia, "Huko fanya ya huko. Hapa ni kwako." Halafu akaniinamishia kofia mbele ya wote, na baba hakuwa anainamishia mtu kofia.

Nilifundisha pale miaka mingi. Nilichojifunza ni kwamba ulichofundishwa nyumbani si kibaya ati kwa sababu kuna mahali hakitakiwi. Usikidharau. Ila uwe na mtu wa kukupigia kelele, hata kama hajui mchezo wako.

Baba na shangazi wote wamelala sasa. Nikikanyaga green yoyote, huu mguu bado unainuka kidogo, halafu unangoja. Hakuna anayepiga kelele, kwa hivyo najiambia mwenyewe.

Haya, wewe ni tabia gani ya nyumbani ilikufuata mpaka ikakuaibisha kwa watu? Andika hapa chini. Na kama kuna mtu wa Kitui aliwahi kuvuta lile gunia, asipite kimya.