Breki za Kinyozi Urakawa

Mume wangu Tokuji ni fundi magari hapa Nagasaki, mwaka wa arobaini sasa, na mikono yake nimeiona ikitetemeka mara mbili tu. Mara ya kwanza ni pale gari aliloapa limepona lilipomtumbukiza muuza miche mtaroni, maskini wa Mungu akabaki na mguu mmoja. Mara ya pili ni mwaka jana, kwa ajili ya kinyozi Urakawa.

Urakawa alikuwa amenunua gari la mwaka 1968, jekundu, la milango miwili, lile alilolitamani tangu ujana. Mtu wa miaka sabini, lakini ungemwona! Alilipangusa asubuhi, akalipangusa jioni. Ukitaka kupanda, unavua viatu mlangoni kama unaingia sebuleni. Wanaume wa rika lake wengi walikuwa hivyo na magari yao, basi nikacheka tu.

Jumatano akaja gereji, uso umempauka.

"Fundi, breki zimenikatalia! Pale mteremko wa shule. Breki ya mkono ndiyo imeniokoa."

Tokuji hakucheka. Mteremko ule unaishia kwenye reli za tramu.

"Na Jumapili si unampeleka Sayoko?"

"Ndiyo. Siku ya Mbwa."

Sayoko ni binti yake wa pekee, na alikuwa na mimba ya miezi mitano baada ya kupoteza mbili. Siku hiyo wajawazito huenda hekaluni kuombewa wajifungue kwa urahisi kama mbwa. Baba mtu alikuwa ameapa kumpeleka kwa gari lake mwenyewe.

Tokuji akaingia uvunguni, akakuta mpira wa mafuta ya breki wa gurudumu la mbele kushoto umechanika. Akafurahi. Gari la zamani, alisema, mpira wake huzeeka hata likilala tu. Akaubadilisha, akatoa hewa, akatandika magazeti juu ya zulia kwa sababu ya buti zake, akashuka mteremko ule mara nne. Breki zikashika vizuri kabisa.

Ijumaa Urakawa akarudi kwa miguu. Gari kaliacha katikati ya mteremko, limegota ukingo.

"Kanyagio lilikuwaje?" Tokuji akamuuliza. "Laini, linazama? Au gumu?"

"Gumu! Kama nakanyaga ukuta!"

Mume wangu akakaa juu ya tairi. Mafuta yakivuja, kanyagio huzama. Likiwa gumu ni ugonjwa mwingine kabisa, maana yake ule mpira haukuwa chanzo. Akafungua magurudumu yote manne, akafungua pampu, akafungua vyuma vya kanyagio kimoja kimoja. Hamna kitu. Champon niliyompikia ikapoa, tambi zikavimba bakulini.

"Mwambie apande teksi," nikasema.

"Nimemwambia. Anasema fundi gani huyo anayeshindwa na gari." Ndipo nikaiona ile mikono. "Kikuno, kosa silioni. Silioni! Yule wa miche nilimwambia hivihivi, kwamba limepona."

Jumamosi akaamua kukaa kando ya Urakawa, ashuke naye. Ningebaki nyumbani nifanye nini, nisubiri king'ora? Nikajipenyeza kiti cha nyuma.

"Shemeji, viatu," akasema Urakawa.

"Wee! Gari linataka kutuua, wewe unawaza zulia?"

"Viatu, shemeji."

Nikavua, nikapakata. Tokuji akapakata buti zake. Urakawa akavisukuma vyake chini ya kiti alichokalia, akavipanga kwa adabu.

Tukaanza kushuka. Chini kabisa tramu ilipiga kengele. Niliinamisha macho nisiione, na ndipo nikaona kiatu kimoja cheusi kikitambaa, polepole, kikatokeza mbele ya kiti, kisha kikapotea. Urakawa akakanyaga. Gari likaendelea.

"Gumu! Fundi, gumu!"

"Kiatu!" nikapiga ukelele. "Kiatu chako, mzee! Kiko chini ya kanyagio!"

Tokuji akaivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Tukaenda upande, ubavu ukakwaruza ukuta, tukasimama. Tramu ikapita mbele yetu, karibu kiasi kwamba niliona mtoto dirishani akila andazi. Nikalia, sioni haya kusema.

Tokuji akainama, akakivuta kile kiatu, kimebonyea katikati.

"Gari lilikuwa zima," alisema. "Tangu nilipobadilisha ule mpira lilikuwa zima."

"Kila mara navipapasa tu, navaa, nakimbia," Urakawa akanong'ona. "Hata sikujiuliza kwa nini kimoja kiko mbele."

Jumapili mvua ilinyesha. Sayoko akafika na mumewe, akashika tumbo kwa mkono mmoja, akainama mlangoni mwa gari kuvua viatu kama kawaida.

"Usivue!" Baba yake alipaza sauti hadi jirani akafungua dirisha.

"Baba, nina matope."

"Ingia navyo, mwanangu. Ingia navyo."

Akakanyaga lile zulia. Urakawa akamfungia mlango, akazunguka, akakaa na viatu vyake miguuni. Kabla hajawasha injini akainama, akapapasa chini ya kiti kwa mkono, kisha akapapasa tena, na tena.