Vipepeo wa Makapi

Juma lililopita nilipiga picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na tangu siku hiyo sipendi kuitazama. Nitakueleza, rafiki yangu, lakini kwanza tupite nyuma ya nyumba ya shangazi, huku Kibondo, upande wa bonde la kuelekea Mabamba, enzi nilipokuwa mtoto wa kaptula moja.

Shangazi ndiye aliyenilea, na kazi yake ilikuwa kukamua pombe ya ndizi. Ndizi zilivundikwa shimoni mpaka zikaiva kwa joto, zikamenywa na kutiwa kwenye hori la mti. Sisi watoto tulitumwa kukata nyasi. Alizikanda ndizi pamoja na nyasi zile, ameinamia hori, jasho likimdondoka puani, hadi maji matamu yakajitenga. Bakuli la kwanza lilikuwa letu, kabla hayajawa pombe. Nimekunywa juisi za hoteli kubwa, tena kwa pesa yangu mwenyewe, na sijaonja kitu kama kile.

Makapi yalitupwa pembeni mwa migomba. Kesho yake yalianza kuchacha, harufu tamu na kali ikatuingia hata kwenye nguo, na hapo ndipo walipokuja vipepeo. Si hawa wadogo wa njiani. Nasema wale wakubwa wa rangi ya kahawia, wenye mstari wa krimu na mikia miwili nyuma ya mabawa, ambao siku zote hukaa juu ya miti na hawamkaribii mtu. Walitua kwenye makapi, wakafyonza mpaka wakalewa. Ungemshika mmoja kwa vidole viwili, ukamweka kiganjani, akabaki hapo anapepesuka. Shangazi akipita na mtungi alitukaripia, "Mwacheni huyo. Ndiye mlevi wangu pekee asiyetukana."

Nikakua, nikaondoka. Stashahada yangu ya umeme sikununuliwa na mjomba. Nilichimba mitaro ya watu mchana na kusoma jioni. Leo nina karakana yangu Kasulu, nina nyumba ya vigae, na nina kamera yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo. Jumapili baada ya ibada wenzangu huenda kutazama mpira, mimi hulala kifudifudi vichakani nikipiga picha vipepeo. Picha zangu zimetundikwa katika ofisi za watu wanaoheshimika. Mmoja tu ndiye aliyekuwa amenishinda: yule wa makapi.

Shangazi yu hai, ila miguu imegoma na hatoki barazani. Migomba yake iliingia mnyauko, ikakatwa na kufukiwa yote, hori likapasuliwa kuni. Nilipomwambia ninachotafuta, alicheka hadi akakohoa.

"Umesoma miaka yote hiyo ili upige picha wadudu? Na mkeo anakutazama tu?" Kisha akajifuta machozi ya kicheko. "Ukimpata niletee nimwone, baba. Sijamwona tangu nilipoacha kukamua. Nadhani aliondoka na kazi yangu."

Basi nikashuka bondeni. Nilinunua ndizi mbivu, nikaziacha zioze, nikazimwaga palepale yalipokuwa makapi. Walikuja nzi. Nzi wa kijani, wanene, hawana haraka. Nikasogea hadi kijitoni tulikokuwa tunachota maji ya kunywa. Sikupatambua. Vichupa vya plastiki vya pombe kali vimetapakaa kama kokoto, mifuko imenasa kwenye mizizi, na utumbo wa mbuzi umevimba kando ya maji. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anaosha pikipiki yake humohumo.

"Oya mkubwa, unatupiga picha utupeleke kwenye televisheni?"

Nikamwambia natafuta vipepeo.

"Vipepeo si wako kwenye pampasi, pale chini ya kalavati. Wamejaa." Akamalizia kichupa chake, akakitupa majini huku ananitazama usoni.

Alisema kweli. Chini ya kalavati kulikuwa na lundo la nepi za watoto, zimepasuka, na juu yake ametua yeye. Mikia miwili, mstari wa krimu, bawa halina hata mkwaruzo. Ameuchomeka ulimi wake kwenye kinyesi, anafyonza kwa raha ileile. Nililala chini, kwa kuwa mimi si mtu wa kuacha kazi katikati. Kiwiko kilizama kwenye kitu cha uvuguvugu ambacho sikukitazama. Nikapiga. Kisha nikatapika kando ya barabara, nimevaa shati la kanisani.

Nyumbani niliikata picha kwa chini, nikabakiza mabawa na kipande cheusi chenye unyevu. Nikaisafisha kubwa, nikaitia fremu, nikampelekea.

"Mwakeye, shangazi," nikamwamkia kwa Kiha.

Aliiweka magotini muda mrefu. Aliisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akagusa mikia kwa kidole. "Ni yeye," alisema. "Mlevi wangu." Kidole kikashuka hadi kwenye ule weusi. "Na haya ni makapi. Yanang'aa, bado mabichi. Kumbe kuna anayekamua huko bondeni. Ni nani?"

Nikainama, nikajifanya kufuta vumbi kwenye fremu.

"Usinifiche, baba. Mwambie aniletee bakuli moja tu. Lile la kwanza."

Ameniamuru niitundike juu ya kitanda chake. Wageni wakija anawaonyesha ushahidi kwamba bondeni bado kuna mkamuaji. Wanaisifia picha, wananisifia na mimi. Sifa huwa sizikatai, ila wakianza hizi natoka nje. Kipepeo hana kosa. Anafuata tunachotupa, kama alivyofanya zamani. Ni sisi ambao hatuna tena kitu kizuri cha kutupa. Migomba haipo, hori halipo, na ile harufu iliyomshusha mdudu kutoka juu ya miti hadi kiganjani mwa mtoto haipo. Na kila nikisogea kuinyoosha ile fremu ukutani, najikuta nimeziba pua.