Neno Nililomchagulia Mdogo Wangu

Ningekataa tu. Mdogo wangu aliponiletea ile fomu ya mdhamini mwaka 2013, ningemwambia macho yangu yamechoka, atafute mwingine. Badala yake nikaipokea.

Mtaani kwetu Kasulu, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa barua za Kiingereza. Nilimaliza kidato cha nne, nilikuwa na kamusi, na watu walinishukuru kwa mikungu ya ndizi. Mdogo wangu aliishia darasa la saba. Kiingereza alikiokota langoni, alipokuwa mlinzi kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akipiga soga na wageni wa mashirika. Kambi ilipofungwa alirudi nyumbani akikisema vizuri kuliko mimi.

Mkewe hakunificha. "Shemeji, wateja wako siku hizi wanapitiliza hadi kwetu. Tukukatie ndizi?"

Nilicheka naye. Moyoni niliungua.

Sasa alitaka kazi ya ukalimani kambi ya Nyarugusu, na fomu iliuliza kasoro zake kazini.

"Andika ukweli, kaka," alisema. "Ile siku niliyoacha lango wanaijua."

Aliliacha ili amkimbize mama yetu hospitali. Mimi nilikuwa shambani.

Alipoondoka nilifungua kamusi. "Forgetful" ni msahaulifu, na yeye hakusahau kitu. "Careless" ni asiye makini, kosa ambalo mwajiri husamehe. "Negligent" ni anayeujua wajibu wake na bado akaupuuza. Huyo haajiriwi. Hakuna aliyezijua tofauti hizo mtaani kama mimi. Nikaandika la tatu, sikumtaja mama, nikaifunga bahasha kwa gundi.

Kazi aliikosa. Karani wa huko akamsomea nilichoandika. Alikuja akasimama mlangoni. Nilimsogezea kiti, hakukaa.

"Kaka, mtu akimpeleka mama yake hospitali, kwa Kiingereza chako anaitwa hivyo?"

Nikamwambia ni neno la kawaida tu.

"Nalijua hilo neno. Mtabila walilitumia kufukuzia watu."

Mwezi uleule alihamia Kibondo na familia yake. Mama alifunga nguo zake kwenye kitenge akafuatana nao. Hakuniaga.

Mama alifariki huko mwaka 2015. Katika ukoo wetu, mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Habari zilinifikia siku ya tatu baada ya maziko. Udongo aliutupa mdogo wangu.

Neno lile lilinigharimu maziko ya mama yangu, na ndugu pekee niliyekuwa naye.