Msiba wa Pyo, Usifungue

Mjini Jecheon, mtu akifa, Mzee Pyo Jong-sik ndiye alikuwa wa kwanza kufika. Suti nyeusi ilining'inia nyuma ya mlango wa duka lake la karatasi za ukutani, na viatu vyake chini yake, miaka arobaini. Alinawa gundi mikononi, akavaa, akaenda. Hakuuliza maswali. Na tangu mama yake atimize miaka tisini na moja, alikuwa na ombi moja tu duniani: siku ya bibi huyu ikifika, ukumbi ujae watu.

Basi mwezi wa Machi ukaingia ujumbe simuni: "Mama mzazi wa Gwak amefariki. Ukumbi na saa, bofya hapa." Gwak ni muuza samaki wa sokoni, rafiki yake wa siku nyingi. Sasa mtu mzima na akili zake si angepiga simu kwanza? Thubutu! Umpigie mfiwa umuulize kama kweli amefiwa? Kwa watu hawa ni afadhali uibiwe. Mzee akabofya. Hakikufunguka kitu. Akabofya tena na tena, huku anaitukana simu.

Kumbe ujumbe ulikuwa wa wezi. Haikupita saa, na simu hiyohiyo ilikuwa imewaambia watu mia nne na kumi na wawili kwamba mama yake Pyo amefariki, bofya hapa. Mchana watu wenye suti nyeusi wakaanza kuingia dukani. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kigoda anamenya vitunguu saumu.

"Kafa nani?" akauliza.

Watu wakatazamana. Ok-bun, anayeuza mandu sokoni, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Wewe, bibi!"

"Loo! Basi kaeni mle. Msiba gani huo mtu anaondoka na njaa?"

Wote wakacheka, isipokuwa Pyo. Hayo tisa, kumi ni kwamba picha ya kitambulisho chake ilikuwa humohumo simuni na kwenye kompyuta ya nyumbani, na wadukuzi walishaichukua, wakafungua laini ya simu kwa jina lake. Binti yake Hye-won akaja mbio kutoka Daejeon, akakaa mbele ya kompyuta siku mbili.

"Baba, kila mahali umeweka mwaka wako wa kuzaliwa! Hata mtoto angeingia."

"Niweke nini, sasa?"

"Herufi kubwa, herufi ndogo, namba, na alama."

"Alama gani? Mimi mbandika karatasi, si mganga!"

Ikawa adhabu. Benki ilitaka aweke programu ya ulinzi kwanza, na programu hiyo ikataka nyingine, na ile nyingine ikataka kompyuta izimwe iwashwe upya. Alikosea neno la siri mara tano, akafungiwa, ikabidi aende benki na kitambulisho kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Alirudi anafoka.

"Walinzi wote hawa, na mwizi alipita bila hata kubisha hodi! Mwenye nyumba ndiye anaulizwa, we nani?"

Hye-won akambadilishia namba ya simu pia. Kabla hawajaizima ile ya zamani, mzee mwenyewe akatunga ujumbe kwa watu wote: "Mama yangu mzima. Mkiletewa msiba wowote kwa jina la Pyo, msifungue. Futeni." Akajiona mjanja, ila namba mpya akasahau kuitaja. Akazunguka sokoni kibanda kwa kibanda akirudia kwa mdomo: "Mmesikia? Hata kama ujumbe unalia machozi, futeni!"

Oktoba bibi akalala, na asubuhi hakuamka.

Ukumbi wa msiba ukatuma taarifa kama unavyofanya kwa kila mfiwa, yenye kitu cha kubofya. Siku ya kwanza walikuja jamaa sita. Supu ya nyama na pilipili ilipikwa ya watu mia mbili, ikapoa sufuriani. Pyo akapiga simu, lakini namba ilikuwa ngeni, na nani siku hizi anapokea namba ngeni? Mmoja akapokea.

"Huna haya we mwizi! Mama wa watu ulishamuua Machi, unataka kumuua mara ngapi?" Akakata.

Asubuhi ya pili mzee alikaa mbele ya picha ya mama yake, mezani hakuna mtu. Mfiwa mkuu haachi picha ya marehemu. Hilo hata yeye aliwafundisha wenzake. Akasimama, akamwambia Hye-won, "Kaa hapa na bibi yako," akaenda sokoni na nguo zilezile za msiba, kitambaa cha mfiwa mkuu chenye mistari miwili kimefungwa mkononi.

Akasimama mbele ya Gwak, muuza samaki.

"Mama amefariki," akasema.

Gwak akamtazama usoni. Kisha, Mungu amsamehe, akatoa simu mfukoni, akautafuta ule ujumbe wa Machi wa "msifungue", akausoma, akamtazama tena.

"Ulituambia tusiamini, kaka."

"Niliwaambia."

"Hata ukilia."

"Sijalia bado," Pyo akasema.

Kutoka kibanda cha pili Ok-bun alikuwa amesikia yote. Akazima jiko, mandu zikiwa nusu hazijaiva, akavua aproni.

"We Gwak! Hiyo simu yako imefiwa na mama? Mtazame mtu! Funga duka!" Akapaza sauti soko zima lisikie. "Na nyie wengine, fungeni! Ni bibi wa vitunguu saumu! Safari hii ni kweli!"

Mabati ya vibanda yakaanza kushushwa, moja baada ya jingine. Ndipo Mzee Pyo alipolia, palepale sokoni, kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe.