Maoni ya Watazamaji wa "Tangi la Saba"

Niseme mapema ili tusilaumiane: mimi filamu yenyewe sikuipenda. Nilikuwepo ukumbini ilipooneshwa mara ya kwanza, Jumamosi mchana, miaka kumi na tisa iliyopita, na nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kwa hiyo haya hayatoki kwa shabiki. Yanatoka kwa kinyozi ambaye kiti chake kimetengwa na cherehani ya jirani kwa ukuta wa mbao tu, na mbao zenyewe zina nyufa.

Jirani huyo ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fumuka, jina ambalo hakupewa na mama yake. Alilipata siku ile ile ya ukumbini.

Filamu iliitwa Tangi la Saba. Mwalimu mmoja wa fizikia alijipa uongozaji, akaazima kamera ya kupigia picha za harusi, akatunga kisa cha kitu kilichodondoka kutoka angani, kikaingia kwenye tangi la maji juu ya jengo la ghorofa na kuanza kukua humo. Wapangaji wanakunywa yale maji na kubadilika taratibu, huku kila mmoja akidhani ni mafua. Hilo zimwi ilibidi livaliwe na mtu, na vazi lilishonwa na Fundi kwa siku arobaini: turubai, sponji za godoro, mipira ya ndani ya baiskeli, na bitana nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya mtu mwingine. Aliyelivaa ni mdogo wake wa tumbo moja, kijana mrefu, mwembamba, mwenye mdomo usiotulia.

Zipu ingeonekana kwenye kamera. Basi kila asubuhi Fundi alimshonea mdogo wake ndani ya vazi, kwa mkono, kuanzia kiunoni mpaka shingoni, na jioni akamfumua. Sharti lilikuwa moja tu. Ukishashonewa, hukai. Simama, egemea ukuta, lalamika upendavyo, lakini kukaa hapana, kwa sababu mtu akikaa mgongo unatanuka na uzi wa mkono hauna huruma.

Siku ya kulipiga picha zimwi likitoka tangini, liliinama kumkamata mlinzi, na mgongo wote ukaachia. Bitana nyekundu ikamwagika nje. Mwalimu aliruhusiwa kulitumia tangi siku hiyo tu, akasema harudii, picha ibaki hivyo hivyo.

Fundi alimvuta mdogo wake pembeni. "Ulikaa?"

"Sikukaa, kaka. Haki ya Mungu sikukaa."

Fundi akaamini. Na kama hakukaa, basi kosa ni la uzi, au la mkono ulioushika.

Ukumbini, mgongo ulipopasuka kwenye pazia jeupe, mtu mmoja akapiga kelele, "Imefumuka!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa mmojawapo, sikatai. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa mdogo mtu, mstari wa mbele, akijipiga mapaja. Walitupiana maneno pale pale mlangoni. Mwezi haukuisha, mdogo akahamia mji mwingine kuendesha mtambo wa kuchimba mitaro, na hawakusemeshana tena.

Tangu hapo Fundi hajashona nguo ya mwili wa mtu. Anashona mapazia, foronya na vifuniko vya makochi. Ukimletea kitambaa cha suruali anakuelekeza kwa mwenzake. Nilipomuuliza, alinijibu, "Pazia halina mgongo." Binti yake alipoolewa, gauni lilishonwa mtaa wa pili, na baba mtu akaenda harusini kulitazama kama mgeni. Siku ile nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia.

Mwaka huu yule mwalimu, sasa mstaafu asiye na la kufanya, akaiweka filamu mtandaoni. Binti wa Fundi akaja mchana na simu mkononi.

"Baba, watu wanaitazama! Elfu na kitu!"

"Waache watazame. Wana muda."

"Wameandika maoni. Nikusomee?"

"Nina mapazia ya watu hapa, mwanangu."

Akaendelea kukanyaga cherehani. Binti akasoma hivyo hivyo, nami nikapunguza sauti ya redio, maana mteja wangu naye alikuwa ametega sikio.

Mmoja aliandika kwamba filamu hii ilionewa, ingetengenezwa ughaibuni ingepewa tuzo. Mwingine: "Sauti kama wamerekodi ndani ya sufuria." Mwingine: "Yule dada anakimbia ngazi zote na beseni. Dada, weka beseni chini!" Akatokea mtaalamu akaeleza kwa aya tano kwamba zimwi ni upweke wa watu wanaoishi jengo moja bila kujuana. Chini yake mtu akamjibu: "Kaka, zimwi ni zimwi." Mwingine alisema mwisho hakuuelewa, ila tangu aione anachemsha maji mara mbili.

Kisha binti akasoma hii: "Dakika ya arobaini na moja, mgongo unapasuka na nyama nyekundu inatoka. Nimetazama filamu za kutisha maisha yangu yote, sijawahi kuogopa vile. Walifanyaje?"

Cherehani ikanyamaza.

Chini yake walikuwa wamejazana. Mmoja alisema ni kompyuta. Mwingine akasema kompyuta gani enzi hizo, ile ni mipira na hewa. Wa tatu akaapa kwamba waliweka ngozi ya ng'ombe mbichi. Wote walikubaliana kitu kimoja, kwamba aliyebuni mgongo ule alikuwa na kipaji.

Mimi nilidhani atafurahi. Mtu mwingine angejikausha na kumeza sifa zake. Fundi alikunja uso kama aliyetukanwa.

"Waandikie," alisema. "Mshono ulifumuka. Uzi wangu ulikuwa mbovu. Hakuna kipaji hapo."

"Baba, wanakusifu!"

"Wananisifu kwa kazi niliyoiharibu. Siku arobaini nimeshona, hakuna hata mmoja aliyeona mikono ya lile vazi. Andika."

Binti akaandika neno kwa neno. Watazamaji wakamrukia. "Mzee, nenda kalale." "Kila filamu nzuri lazima atokee fundi wake wa uongo." Mmoja alimtaka aache kuharibia watu starehe. Fundi alisomewa yote, akarudi kwenye mapazia yake. Nilimwambia kupitia ufa wa mbao kwamba amejitakia.

Siku mbili baadaye binti alikuja akitembea haraka, na safari hii hakumuuliza kama asome. Alisoma akiwa bado amesimama.

"Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya zimwi. Huyo mzee hasemi uongo, ila amekosea kitu kimoja. Uzi haukuwa mbovu. Kaka yangu alinikataza kukaa. Miguu ilikuwa inawaka moto, nikakaa kwenye ndoo nyuma ya tangi, dakika mbili tu. Aliponiuliza nikakana. Ukumbini nilicheka kwa sababu niliogopa wangejua ni mimi. Kaka, kama unasoma hapa, nilikaa."

Nilikuwa na mteja kitini, upande mmoja amenyolewa, upande mwingine bado. Nilimwacha nikatoka barazani.

Fundi alikuwa amesimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, lakini siku hiyo alifoka hadi wapita njia wakageuka. "Miaka kumi na tisa! Miaka kumi na tisa nashona mapazia! Mwanangu ameolewa akiwa na gauni la watu!" Akaitupa futi yake ya kupimia chini, akaiokota, akaitupa tena. Binti alianza kulia. Fundi naye akalia, waziwazi, bila kuficha uso, na mimi nikaangalia barabarani kwa sababu sikujua pa kuangalia.

Alipotulia, akajifuta kwa kipande cha pazia la mteja. Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Nimjibu nini, baba?"

Akafikiri. Niliogopa atakachosema, maana mtu akishaonewa miaka yote hiyo, ana haki ya neno lolote.

"Muulize kiuno chake siku hizi ni inchi ngapi."

Binti akaandika. Hatukuondoka pale barazani, hata mteja wangu alitoka na shuka shingoni. Jibu lilikuja kabla sijamrudisha kitini.

"Arobaini na mbili. Usinicheke, kaka."

Fundi alicheka. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akavuta pumzi na kumwambia binti yake, "Mwandikie kwamba vipimo vya kwenye simu sivishonei. Aje mwenyewe."