Hodi ya Tatu

Mwenzangu, uchochoro wetu wa Mkunazini umekuwa mfupi. Au mie ndiye niliyekua, sijui. Jumamosi iliyopita nilipita pale baada ya miaka mingi, nikasimama chini ya nyumba tuliyokuwa tukikaa na Bibi, nikatazama juu. Dirishani kwetu sasa pana kiyoyozi kinachodondosha maji, na mlangoni pamebandikwa bei za vyumba vya wageni. Dirisha lililotuelekea, la Mwalimu wangu wa gitaa, limezibwa kwa matofali. Watalii wawili walinipisha wakidhani nnataka kupiga picha.

Wewe uliyekulia Mji Mkongwe unazijua nyumba zile zilivyobanana. Ukinyoosha mkono dirishani na jirani akanyoosha wake, mnapeana chumvi bila ya mtu kushuka ngazi. Mie nimelelewa na Bibi, ghorofa ya pili, wawili tu. Mama aliolewa Maskati nikiwa na miaka sita. Siku ya safari aliniita, akanibusu, akaniaga, na mie nikamwitikia vizuri kama nilivyofundishwa: "Kwaheri, Mama." Hakurudi tena kukaa na sisi. Zilikuja zawadi na simu za Idi, khalas. Kichwani mwangu nikalitia hilo likakaa: ukishamwitikia anayekuaga, basi tena, anakwenda.

Mwalimu alihamia nyumba ya mkabala nikiwa na miaka tisa. Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, hana mke hana mtoto, na gitaa ndiyo kazi yake. Jioni alikwenda kupiga kwenye mahoteli ya Shangani, na msimu wa harusi ukifika humpati nyumbani. Bwana yule alikuwa hashikiki! Harusini atakupigia taarabu mpaka kina mama wanyanyuke kutuza. Wageni wakitaka jazi, anayo. Wazee wakikumbuka ujana wao, anawapigia dansi mpaka viatu vinaliza sakafu. Lakini mchana akiwa peke yake, anasubiri mashati yake yakauke, alipiga bluzi. Siku moja nikamuuliza kwa sauti kubwa, dirishani, ule ni muziki gani. Akasema, "Huu ni wa mtu anayelalamika kwa adabu."

"Na wewe uliza kwa adabu," Bibi akanigombeza huku anachambua mchele. "Si muuza samaki huyo."

Nikataka kujifunza. Nililia, nikasusa chakula, nikafanya kila kero unayoijua. Bibi akashika neno lake: mtoto wa kike haendi chumbani kwa mwanamume asiye na mke, hata akiwa malaika. Mwalimu alipolisikia hilo hakukasirika. Alitwambia basi tusomeshane hapa hapa, kila mtu na dirisha lake. Akashuka chini na gitaa lake la zamani. Bibi alikuwa na kapu la kamba, lile la kuteremshia apate kununua mkate na mchicha bila ya kuteremka. Gitaa halikuenea kapuni, kwa hivyo Mwalimu akalifunga shingo kwa kamba, akalivisha kikoi lisigonge ukuta. Bibi mwenyewe ndiye aliyevuta, ananung'unika njia nzima: "Ehe, leo tumenunua mti."

Tukawa tunasoma kila siku baada ya Alasiri. Kwa kuwa alikaa ananitazama, wiki ya kwanza nilimuiga kama mtu anavyoiga kioo, gitaa nimelishika kinyume, shingo upande si wake. Alipogundua alicheka mpaka akapotea dirishani, nikabaki nasikia kicheko tu. Chini, jirani yetu aliyekuwa akikaanga bajia hakuwa na huruma hata kidogo. "Umekosea pale pale pa jana!" alikuwa akipiga kelele, na harufu ya mafuta yake ikipanda mpaka kwenye nyuzi. Nikipatia, alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo sifa.

Somo lenyewe lilikuwa moja, ingawa lilichukua miaka mitatu. "Bluzi ni hodi na karibu," Mwalimu alinambia. "Mie nnapiga hodi, wewe unanikaribisha. Usinikaribishe sijamaliza, na usikawie nikaona mlango umefungwa." Basi anapiga kipande chake, mie namjibu na changu. Mpaka adhana ya Magharibi, hapo kila mtu anaweka gitaa chini. Nakwambia kweli, katika utoto wangu ni saa hizo tu ambazo nyumba yetu sikuiona tupu.

Halafu ikaja habari ya Kendwa. Hoteli moja ya huko, kaskazini ya kisiwa, ilimtaka ahamie moja kwa moja, na chumba cha kulala itampa. Alimwambia Bibi kwanza, kwa heshima, "Shikamoo Bi Mkubwa, nnakuja kuaga," na Bibi akaitikia marahaba yake kwa sauti ndogo. Kisha akanigeukia mie. "Kesho asubuhi ntakupigia hodi ya kuagana, binti. Unijibu vizuri, nende na moyo mweupe." Kendwa ni hapo tu, lakini kwangu mie ilikuwa Maskati nyengine.

Asubuhi ile nilikaa sakafuni chini ya dirisha, gitaa mapajani, nimezibana nyuzi kwa viganja vyote viwili zisitoe sauti. Akapiga hodi yake. Bibi alikuwa jikoni anakuna nazi. "Humsikii mwalimu wako? Mjibu." Nikatikisa kichwa. Akapiga ya pili, polepole zaidi. Bibi akaja, mikono imejaa nazi. "Mjibu, mwanangu. Mtu hafanyiwi hivyo." Akapiga ya tatu. Na mie pale chini, yaani nilikuwa najipongeza! Nilijua siri: asipojibiwa hawezi kuondoka.

Ujinga wa mtoto huo. Nilisahau adabu ambayo kila mtoto wa kisiwa hiki hufundishwa kabla hajajua kuvaa viatu: hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa unageuka, unakwenda zako, hata kama unawasikia watu wamo ndani. Na Mwalimu alikuwa mtu mwenye adabu zake. Nikasikia mbao za dirisha zinafungwa, kisha mkokoteni unabingirika juu ya mawe mpaka ukapotea. Bibi hakunipiga. Alikaa sakafuni pamoja na mie, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Umemuondosha mtu wa watu na dukuduku," akasema, na hakulitaja tena mpaka alipokufa.

Siku hizi nakaa Fumba, kwenye nyumba mpya. Madirisha makubwa, safi, na hakuna ninachokiona ila gari zilizoegeshwa. Jirani wa mkabala hatujuani jina. Miaka mitano iliyopita ofisi ilitupeleka semina Kendwa, na wakati wa chakula nikasikia jazi. Nikajua kabla sijageuka. Kichwa kilikuwa cheupe, vidole vilikuwa vile vile. Alipopumzika nikamwendea, nikamwamkia, nikamwambia mie ni mtoto wa dirishani Mkunazini. Gitaa likamteleza mkononi.

"Walikupiga?" Ndilo neno lake la kwanza.

"Hapana, Mwalimu."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi. "Nlidhani Bibi kakukataza, na mie ndiye sababu. Nkasema basi, simfundishi tena mtoto wa mtu. Tangu siku ile sijafundisha."

Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nne, mwenzangu. Nilitaka kumwambia, wallahi nilitaka. Nikaona haya. Wakamwita arudi kupiga, akaniaga kwa kichwa, na mie nikarudi kula wali wangu uliopoa. Niliwaza: ntarudi, iko siku ntarudi nimwambie. Kumbe miaka nayo haibishi hodi.

Yale matofali dirishani kwake ndiyo yaliyonitoa usingizini. Jumapili asubuhi nikenda Kendwa. Mapokezini palikuwa na mwanamke wa makamo, nikamuuliza habari za mzee wa gitaa.

"Inna lillahi, hukusikia? Kafariki mwaka juzi, kwao Tanga. Kwani wewe nani wake?"

"Mwanafunzi wake."

Uso ukamchangamka. "Ndiye wewe! Yule aliyekatazwa na bibi yake! Alikuwa akitusimulia kila wageni wakipungua. Mabibi wa zamani walikuwa wakali, jamani."

"Bibi hakunikataza," nikamwambia. "Alinambia nijibu. Mara mbili alinambia. Ni mie niliyekataa."

"Basi pole, dada," akasema. Simu ya mezani ikalia, akaipokea, akaanza kumwelekeza mtu njia. Nikasimama pale pale nikimngojea amalize nimwambie tena, kwa sababu hakubaki mtu mwengine wa kumwambia.