Salamu za Bibi kwenye Mkanda

Miaka ile biashara ya mpakani ilipofunguliwa, shangazi yangu alikuwa akileta vitenge na sabuni kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, hadi kwetu Kyela. Safari moja alirudi na kamera ya video iliyokwishatumika, akanikabidhi mimi kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi. "Jifunze, binti, upige harusi," alisema.

Nilijifunza kwa fundi mmoja wa pale mjini, mwenye chumba cha deki mbili na televisheni. Deki moja ilicheza mkanda, nyingine ikarekodi vipande vilivyotakiwa. Ukichelewa kubonyeza, unamkata mtu neno mdomoni.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa harusi. Bibi yangu wa Ipyana alitaka kumsalimu mdogo wake aliyeolewa Karonga. Miguu ya mdogo mtu ilikuwa imegoma. Hakuweza tena kuvuka mto Songwe kuja kwetu. Nilimkalisha Bibi kitini na kitenge kipya, nikamwambia atazame kamera. Akakakamaa. Alisalimia kama anayesoma matangazo kanisani, kisha akauliza, "Tayari?"

Kesho yake nilimfuata uani akipepeta mchele. Niliiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa. "Bibi, endelea na kazi. Zungumza naye kama yupo hapa."

Alinyamaza kwanza. Halafu, bila kuinua macho, akasema kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mdogo wangu. Mpunga umekubali mwaka huu, ila ndege wametusumbua. Wewe unakula nini huko?" Akachagua mawe kwenye ungo, kitambo kirefu. "Na miguu je?" Kimya tena.

Fundi alipouona ule ukimya alisema, "Hapa kata, dada. Watazamaji watachoka."

Nilijaribu. Bibi akawa anarusha swali juu ya swali kama askari anayehoji mtu. Nikaanza upya: nikaondoa kikohozi changu na kelele za kuku, ukimya nikauacha. Sikujua namna ya kumweleza fundi. Niliona tu kwamba bila ule ukimya hakuwa bibi yangu.

Shangazi alipeleka mkanda. Aliporudi, hata mzigo hakutua.

"Mama mdogo anamjibu! Kila dada yake akinyamaza, yeye anajibu. Kaeleza miguu, dawa, mpaka wakwe zake. Tukaurudisha mkanda nyuma, akajibu upya."

"Alisemaje kuhusu dawa?" Bibi aliuliza.

Shangazi akajaribu kukumbuka, akachanganya mambo.

"Wewe husikilizi," Bibi akamwambia. "Mpeleke huyu na mashine yake."

Basi nikavuka mpaka na kamera yangu. Nilipofika Karonga sikutafuta kiti kizuri. Nilimuuliza mdogo wake Bibi saa zile kwa kawaida hufanya nini. Akasema humenya karanga. Nikawasha kamera, nikakaa pembeni. Alimenya kitambo bila kusema lolote, nami sikumharakisha.